Mashua ya baba imelala Timbwani: niuze au niiweke?

*Barua*

Ami, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Likoni, umri wangu miaka 43, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya mizigo upande wa Shimanzi. Kila alfajiri niko feri, na nikirudi nyumbani magharibi imeshapita. Nakueleza hili mapema ujue muda wangu ulivyo.

Baba alifariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi maisha yake yote. Aliacha nyumba, ambayo mama anakaa, na mashua ya futi 22 iitwayo Subira pamoja na mashine yake ya nguvu farasi 15. Mbao za chini ni mvule, za juu ni mwembe, alizibadilisha mwenyewe na fundi mwaka 2016. Nyavu tuliwapa mabaharia wake. Mashua ilibaki mkononi mwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, tena ndiye niliye karibu. Ndugu yangu yuko Malindi na dada yetu ameolewa Changamwe.

Miaka miwili ya mwanzo nahodha wa baba aliendelea kwenda nayo, akileta fungu la mashua, yaani sehemu ya mapato ya mwenye chombo, bila kuulizwa. Mwaka 2023 magoti yalimshinda akaacha. Toka hapo Subira imelala mchangani Timbwani. Mpwa wa huyo nahodha ameniomba mara mbili aichukue, nikamwambia nitafikiri.

Mwaka uliopita niliingia baharini na mashua yangu mara nne tu, Jumapili, pamoja na marafiki. Nimeandika hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Mlinzi 2,000 kwa mwezi, mwaka mzima 24,000. Fundi wa kalafati (kuziba viungo vya mbao kwa pamba) na rangi 28,000. Mashine 9,000. Jumla 61,000. Samaki wa safari zote nne, baada ya kutoa mafuta na chambo, walinipa 13,400. Yaani nimetoa mfukoni shilingi 47,600 ili mashua yangu ilale.

Wiki mbili zilizopita amekuja mtu wa Gazi. Anataka kutoa 220,000, mashua na mashine pamoja, pesa taslimu, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu anasema tuuze, ada za shule zinatukaba. Ndugu yangu wa Malindi anasema uza, nitumie changu. Mama nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, "Mwamuuza babenu." Hajalirejea tena, lakini tangu siku ile hanitazami vizuri.

Na mimi mwenyewe, Ami, sijui. Siku nyingine nikitoka kazini napita pwani nakaa tezi, nyuma ya mashua. Kana, ule mti wa kushikia usukani, imelika mahali baba alipokuwa akishika, pamefanya kibonde. Nikiweka mkono wangu unaingia pale pale. Nikiondoka nahisi kana kwamba nimemwacha mtu peke yake gizani.

Niuze mashua yangu au niiweke?

Mwenye Mashua, Likoni

*Jibu*

Marahaba, mwanangu. Mola amrehemu mzee wako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama penye neno lile lile. Umeandika "mashua yangu". Nianze hapo, kwa sababu hata ukiwa na nia njema namna gani, hapa ndipo ndugu wengi wa pwani yetu hukosana wasisalimiane hata kwenye mazishi.

Subira si yako bado. Aliiacha baba yako, haikugawanywa, basi ni mirathi, na wenye mirathi ni wote. Kama mzee hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walishatangulia, hesabu yenu ni nyepesi. Mama ana thumni, sehemu moja katika nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata maradufu ya mwanamke. Chukua hizo 220,000 za mtu wa Gazi: mama yako 27,500, wewe 77,000, ndugu yako 77,000, dada yako 38,500. Wewe ni mtu wa hesabu, ziangalie hizo namba vizuri. Ada za shule zinazowakaba hazitatoka kwenye 220,000, zitatoka kwenye 77,000. Nina hakika mkeo anapiga hesabu ya ile ya kwanza, na si kosa lake, ndiyo aliyotajiwa.

Na lile fungu la mashua alilokuletea nahodha kwa miaka miwili, liliingia kwa nani? Sikushutumu. Huenda ulimpa mama lote. Huenda pia gharama ulizobeba peke yako tangu 2023 zimelipita. Lakini yaandike yote mawili kwenye karatasi moja, yaliyoingia na yaliyotoka, uwaite ndugu zako uwasomee kabla hawajakuuliza. Dada yako umemtaja kwa sehemu anayokaa tu, hukusema rai yake. Muulize. Mkikubaliana nyinyi wenyewe, nyumbani, mbele ya mzee mnayemheshimu, yatosha. Mkishindwa, Mahakama ya Kadhi ipo, lakini kwa mashua moja ningesikitika mkifika huko.

Kwa hivyo mtu wa Gazi hawezi kupata jibu mwisho wa mwezi huu. Mwambie ukweli: chombo kina wenyewe wanne, na mama mmoja hajasema ndiyo.

Pana jambo jingine kuhusu huyu bwana. Amekuja sasa, Julai, upepo wa kusi umeshika, mashua nyingi ziko juu mchangani na wenye nazo wanatazama mawimbi huku mifuko imekauka. Huu ndio wakati mnunuzi mwerevu hutembea pwani. Simwiti mwizi, biashara ni biashara. Ila wewe subiri hadi Septemba na Oktoba, upepo unapoanza kugeuka, mafundi wanapogombewa huku na huku na kila nahodha anatafuta chombo kabla kaskazi haijaingia. Mashua ile ile, mbao zile zile, mtu atakayekuja wakati huo atakuwa anaihitaji. Anayekuja Julai anaivizia.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza mambo mawili, kuuza au kuweka. Mimi naona hilo la pili halipo.

Mashua ya mbao haiwekwi, mwanangu. Kabati huwekwa. Mashua ikikaa nchi kavu jua hukausha mbao, mbao husinyaa, pamba ya kalafati hulegea na kutoka, na siku utakayoishusha maji yataingia kila kiungo. Ukiiacha majini bila mtu, wale wadudu watoboao mbao huingia kwa tundu dogo usiloliona, wakala ndani kwa ndani. Nje ubao mzima, ndani masega ya nyuki bila asali. Wazee wetu walikuwa wakiipandisha, wakawasha makuti makavu chini ya tumbo lake ili moto uwaue, kisha wakaipaka deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Nilipokuwa mtoto harufu hiyo ilijaa Mji wa Kale asubuhi yote, na hadi leo nikiipata mahali nasimama. Kazi ile hawakuifanya kwa mapenzi ya kumbukumbu. Waliifanya kwa sababu chombo kilikuwa kinarudi baharini kesho yake.

Na mvua je? Masika hii imenyesha ndani ya Subira au uliifunika? Maji ya chumvi huhifadhi ubao, maji ya mvua huuozesha. Yakituama kwenye ngama, chini ndani ya chombo, mataruma, zile mbavu zake, huanza kuoza kuanzia chini. Hizo mbao za mwembe za juu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mvule huvumilia. Mwembe ni rahisi kupatikana na mwepesi kwa fundi, lakini ukinywa mvua miaka miwili mitatu hugeuka mkate. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Petroli iliyoachwa ndani miezi mingi hugeuka gundi, na chumvi ambayo haikuoshwa kwa maji baridi baada ya safari hula vyuma polepole. Mashine inayowashwa kila wiki hudumu kuliko iliyopumzishwa.

Nina mfano wa karibu. Mjomba wangu aliacha mashua, sisi watoto wa ndugu zake tukaapa haiuzwi. Tuliipenda kweli. Tuliitembelea kila Idi. Mwaka wa nne mtoto alipanda kucheza, mguu ukapita kwenye ubao hadi gotini. Mwaka uliofuata ikauzwa kuni, kwa pesa ambazo nikizitaja utaona haya kwa niaba yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeamua iishie hivyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hatukuamua.

Ndiyo maana nakuambia: kuacha ilivyo ni kuiuza pia, kwa bei ya kuni, polepole. Subira inataka mtu. Kama si wewe, na kwa kazi ya Shimanzi na feri ya alfajiri nakubali huwezi kuwa wewe, basi lazima awe mwingine, awe ameinunua au amepewa aitumie.

Na huyo mwingine umemwandika wewe mwenyewe, mstari mmoja, ukaharakisha kupita. Mpwa wa nahodha. Ameomba mara mbili, ukasema utafikiri. Mwanangu, kijana wa siku hizi kuomba mashua ya mbao mara mbili si jambo la kupitwa hivyo. Wenzake wanaomba pikipiki.

Sikwambii umpe kwa macho yaliyofumbwa. Kwanza nenda kwa mjomba wake. Mtu aliyekuletea fungu miaka miwili bila kuulizwa hawezi kukudanganya kuhusu mpwa wake. Muulize swali moja tu: ungekuwa na mashua yako, ungempa? Kisha nyamaza umtazame usoni. Uliza pia kwenye ofisi ya BMU, kikundi cha usimamizi wa pwani yenu, maana wao ndio wanaoandikisha vyombo na wavuvi wa hapo, na wanajua nani hukimbia deni la mafuta, nani huvua usiku kwa juya, ule wavu wa kukokota, nani hurudi na mabaharia wake wote.

Akipita hapo, mkubaliane kwa maandishi mbele ya mashahidi, na mkubaliane kwa msimu mmoja tu: toka upepo unapogeuka hadi mwisho wa kaskazi, Machi hivi. Kila pwani ina desturi yake ya mafungu, fuateni ya kwenu. Nitakupa mfano tu upime. Tuseme siku moja samaki wameuzwa 9,000. Mafuta, barafu na chambo 3,000. Yamebaki 6,000. Wako nahodha na mabaharia watatu, ni mafungu manne. Mashua fungu moja, mashine fungu moja. Kila fungu 1,000, nyinyi wenye chombo mnapata 2,000. Akitoka siku 12 kwa mwezi, miezi mitano, ni siku 60, yaani 120,000. Sasa kata nusu, kwa sababu kuna siku za kurudi na vibua viwili, kuna siku mashine inagoma, kuna matanga na harusi. Yamebaki 60,000. Gharama zako za mwaka zilikuwa 61,000, ingawa mashua inayofanya kazi mlinzi wake ni wale wale wanaolala wakiiwazia.

Umeona? Hapa hakuna utajiri. Sitaki ukawaambie ndugu zako kwamba Ami amesema mtatajirika. Kilichopo ni mashua inayojilipia yenyewe, majumba manne yanayopata kitoweo, na wewe ukiacha kutoa 47,600 mfukoni. Kwa mtu mwenye watoto watatu shuleni hiyo nayo ni ada.

Yaandikwe pia mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Mashine ikizama ni hasara ya nani? Ikipasuka kwa kukosa oili? Kila baharia awe na jaketi la kuokolea, na hilo nunueni nyinyi wenye chombo, msimwachie yeye. Juya hapana, ni haramu kisheria. Na usichukue deni la kumfunga. Najua matajiri wa pwani wanaomkopesha nahodha hadi samaki wake wote ni wao kabla hajatia mshipi majini. Usiwe mmoja wao, mzee wako hatakuwa radhi.

Bado kuna karatasi. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo kiwe kimeandikishwa na kina leseni, na nadhani namba iliyochorwa ubavuni mwa Subira bado iko kwa jina la marehemu. Nenda kwa afisa wa uvuvi mlirekebishe, iwe mnauza au mnampa kijana. Ukimpa mtu wa Gazi chombo kwa mkono na pesa mfukoni, halafu kikakamatwa na kitu kisichofaa huko mbele, jina litakalosomwa ni la baba yako.

Je, kama kijana hafai, au ndugu zako wakakataa kungoja? Uzeni, bila majuto. Uzeni Oktoba, baada ya fundi wenu, asiwe wa mnunuzi, kuigonga mbao zote na kuchoma kisu kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua, na mataruma akawaambia hali yake. Ulizeni bei ya mashine mbali na ya mashua, mara nyingi zikitengana hupata zaidi. Na mkipata watu wawili, mmoja akiwa mvuvi na mwingine akitaka kuigeuza pambo la bustani ya hoteli, mimi ningempa mvuvi hata kwa pungufu kidogo. Hilo ni la moyo wangu, nyinyi mtaamua.

Limebaki la mama.

Hakusema isiuzwe, mwanangu. Alisema mnamuuza baba. Alimngojea mtu yule arudi na mashua ile pengine miaka arubaini, kila alfajiri asiyojua kama atarudi. Wewe ulimpelekea habari ya bei. Ungempelekea kwanza habari ya chombo: kwamba jua linaila, kwamba mwembe unanywa mvua, kwamba yuko kijana anayeitaka. Mchukue umpeleke Timbwani jioni moja, umtafutie kiti, akae karibu nayo. Usimwambie la kuuza wala la kuweka. Huenda akaomba irudi majini kabla hujafungua mdomo. Huenda pia akasema imetosha. Wajane huwa wanajua mambo haya kabla yetu, tena huwa wanasubiri waulizwe.

Na ile kana ya usukani, ile yenye kibonde cha mkono wa baba yako, itoe. Fundi atawachongea mpya kwa siku moja, iwe ni ya kijana au ya mnunuzi, bei yake haitawashinda. Ya zamani ipeleke nyumbani kwa mama. Kama mnauza, semeni wazi kabla ya kupeana mikono kwamba kana haimo.

Hatua yako ya kwanza si kwa mtu wa Gazi wala kwa Kadhi. Jumapili hii mlete fundi Timbwani. Mwite na yule kijana, usimwambie sababu, aje tu asimame pale fundi akigonga mbao. Utamsikia atakachouliza.